Mwaka Nilioishi Chumba Kimoja na Pikipiki

Tulimzika Ba Kalaba Jumatano iliyopita, kwenye makaburi yaliyo juu kidogo ya barabara ya Chienge. Nilikuwa nimefika msibani siku tatu kabla, nikavua viatu mlangoni, nikaingia walikokaa wanawake wa familia, nikaketi mkekani ubavuni mwa mjane. Binti mmoja aliyetoka Copperbelt, mwenye miwani, alinitazama muda mrefu. Alikisikia Kibemba changu, ambacho hata leo kina ladha ya ng'ambo, akamwuliza mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu mama Mkongo ni nani kwetu?" Mwenzake akafikiri kidogo. "Ni yule wa pikipiki," akasema. "Ile ambayo Ba Kalaba aliichukua kwao." Nikaona binti anazidi kushangaa, na sikumlaumu. Mtu aliyenyang'anywa kitu haonekani sana kwenye msiba wa aliyemnyang'anya, akimenya mihogo na kulia pamoja na wanaolia. Ningeweza kumweleza pale pale, lakini kuna mambo yanayohitaji nafasi, na chumba kilikuwa kimejaa. Ndiyo maana ninaandika sasa, nyumbani kwangu, mikono ikiwa bado inanuka moshi wa jiko la msibani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jinsi nilivyovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, na niliowaacha kule, sitaki kuyaeleza hapa. Mwaka ninaoukumbuka unaanzia mlangoni kwa Bana Mutale, yaani Mama Mutale, Kashikishi, asubuhi moja ya jua kali, mimi nikiwa na mfuko mmoja na yeye akiwa amechuchumaa, anatandaza chisense kwenye mikeka. Chisense ni samaki wetu wadogo, wembamba kuliko kidole cha mtoto, na wakiwa wabichi juani wanaumiza macho kwa kung'aa. Kibemba changu wakati ule kilikuwa haba. Tukazungumza Kiswahili, kile cha biashara ambacho wanawake wa ufuo huu hukitumia na wanunuzi wanaotoka Kongo. Cha kwake kilijua kupima, kukataa na kuaga, basi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, wa miaka hamsini hivi, mjane, na mwanawe wa pekee, Mutale, alikuwa akifanya kazi Kitwe.

"Chumba iko," alisema bila kuinuka. "Lakini iko na mutu ndani."

Nikauliza ni mutu gani. Akanawa mikono, akanipeleka nyuma. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja dogo na sakafu ya saruji iliyopasuka. Kuta za matofali hazikupigwa plasta wala hazikufika paani, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilipita juu na kuingia. Kando ya ukuta mmoja kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa chitenge cha maua ya kijani, na juu ya chitenge kuku alikuwa amelalia mayai.

"Ni ya Shi Mutale," akasema. "Bwana yangu. Alikufa, sasa ni mwaka ya tatu. We utalala upande huu, yeye upande ule. Usimuguse."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuishi na pikipiki. Miezi miwili ya kwanza niliheshimu agizo. Nilimsaidia Bana Mutale kutandaza na kugeuza samaki, nilisimama naye sokoni wanunuzi wa Lubumbashi walipokuja, maana mimi Kiswahili changu kilijua pia kubembeleza na kutania, na jioni tulikula kwenye ngazi ya jikoni. Yeye aliita nshima, mimi niliita bukari, na ilikuwa sufuria moja ya unga wa muhogo, laini, inayovutika, pamoja na chisense wa nyanya au majani ya muhogo yaliyotwangwa. Alikula polepole na hakupenda maswali. Kutoka kwa majirani nilijua kwamba marehemu alikuwa dereva wa Waitaliano waliokuja kuchimba visima, na kwamba mmoja wao, mkataba ulipokwisha, alimwachia pikipiki aliyokuwa ameileta kwa meli kutoka kwao. Hapakuwa na nyingine ya namna ile katika wilaya nzima. Alipokufa, Bana Mutale aliiingiza ndani, akaifunika, na hakuruhusu mtu aiulizie.

Ninachopaswa kukiri ni kwamba nilikuwa nimekaa miaka minne katika garaji, Likasi, nikifungua injini. Kulala kila siku mita mbili kutoka kwenye injini iliyofunikwa, kwa mtu kama mimi, ni sawa na kulala karibu na mgonjwa anayeugua kimya. Asubuhi moja ya mvua, mitumbwi haikutoka na hapakuwa na kazi, nikamwondoa kuku taratibu, nikainua chitenge. Tangi lilikuwa jekundu, la aina ya wekundu ambao haupakwi tena siku hizi, na jina lililoandikwa ubavuni lilikuwa limefutika kwa magoti ya miaka mingi. Kiki ilikuwa upande wa kushoto. Gia ilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote za hapa. Nilifuta vumbi tu, naapa. Nilikuwa nimefika kwenye kioo cha taa nilipomwona Bana Mutale amesimama mlangoni.

"Unajua iyi kintu?" akauliza.

"Ninajua, Mayo," nikasema, yaani mama. "Nilitumika miaka ine mu garaji."

"Kufanya nini? Kufagia?"

"Kufungua moteri."

Akaondoka. Nilidhani anakwenda kunitolea mfuko wangu nje. Akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka sakafuni, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na spana za marehemu, kila moja imeviringishwa kwenye kitambaa chake, na zote zilikuwa zimepakwa mafuta ya kupikia. Miaka mitatu alikuwa akizipaka, bila kujua hata moja inafungua nini. "Ukipoteza moja," akasema, "utatoka mu nyumba yangu."

Nilianza na pistoni, ambayo ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Nilitoa plagi, nikamimina mafuta ya taa kwenye tundu lake, nikangoja siku tano. Siku ya sita niliisukuma kiki kwa mkono, ikalegea kama jino la mtoto. Nikasafisha platini, kidude kinachoamuru cheche, kwa msasa na kupima nafasi yake kwa kadi ya kliniki ya Mutale, ile aliyopimiwa uzito alipokuwa mchanga, kwa sababu ndiyo karatasi pekee nyumbani yenye unene uliotakiwa. Gasketi nilizikata kutoka kwenye katoni ya sabuni. Matundu ya kabureta niliyazibua kwa unywele wa ufagio, kwa kuwa waya huyakwaruza. Bana Mutale alikuwa akija kusimama mlangoni na beseni lake, anatazama, anaondoka. Siku moja aliuliza jina la kile nilichokishika. Nikasema kabureta. Siku ya pili akauliza kingine, nikasema ambreyaji, kama tunavyoita ng'ambo ile sahani ya kuachanisha injini na gia. Akasema mumewe aliita klachi. Akafikiri. "Ambreyaji ni muzuri zaidi," akasema, na tangu siku hiyo hakuiita vingine.

Ambreyaji ndiyo iliyotushinda. Kila nilipopiga kiki iliteleza na injini haikuzunguka. Nilipoifungua nikaona sahani zenye matundu mviringo, na katika kila tundu kulikuwa na kipande cha koki, ile nyepesi ya kuzibia chupa za mvinyo. Zote zilikuwa zimeungua nyeusi, zinamomonyoka. Hapa Nchelenge, wilaya yetu, koki unaitoa wapi? Niliuliza kwa wenye maduka, kwa mafundi wa injini za mitumbwi, hakuna. Ni Bana Mutale aliyekumbuka kwamba Ba Chola, mvuvi mmoja mzee aliyekaa nyuma ya soko la samaki, alikuwa na wavu wa zamani, wa wakati Wagiriki walipokuwa wakinunua samaki upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kwamba vyelezo vyake, yaani maboya, havikukatwa kwenye sandali kuukuu kama vya leo. Tukaenda pamoja. Wavu ulikuwa umeoza zamani, lakini vyelezo vilikuwa vimetungwa kwenye kamba na kuning'inizwa ukutani kama shanga, na vilikuwa koki safi. Mzee alikataa. Alisema ni vya baba yake. Bana Mutale hakubishana. Alimwuliza tu, kwa Kibemba, kama anakumbuka mkewe alifikaje hospitali siku ile mtoto alipokaa vibaya tumboni na gari hakuna. Ba Chola aliishusha kamba ukutani, akaniambia nichague mwenyewe.

Nilivichemsha vyelezo mpaka vikalainika, nikavikata kwa wembe, nikavibana kimoja kimoja kwenye matundu, nikavisugua sakafuni vikawa sawa na uso wa sahani. Ilinichukua wiki nzima. Pikipiki iliwaka siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa kiki ya nne, na sauti yake ilikuwa nene, ya kifua, isiyo na haraka. Bana Mutale alikuwa kwenye mikeka. Alikuja na magamba mikononi, akasimama nyuma yangu, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Alikaa humo muda wa kupika nshima. Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Punguza sauti," akasema. "Batu banafanya kazi."

Ninapojiuliza leo ni lini nilikuwa na raha kamili, jibu ni miezi minne iliyofuata. Niliendesha pikipiki ile hadi kambi za wavuvi za upande wa Chienge, nikarudi na magunia ya chisense nyuma; niliiendesha hadi Mwansabombwe siku za soko. Wanawake walinicheka kwa kuvaa suruali, halafu wakaniomba niwabebe. Kila Jumamosi niliivua cheni, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikabadilisha oili, nikakaza spoki nikizigonga kwa spana ndogo na kusikiliza ipi imelegea. Pikipiki ya zamani haikudai akili nyingi. Ilitaka mtu asiyeisahau, na mimi wakati ule sikuwa na kitu kingine cha kukumbuka bila kuumia. Sikuwa mwenye mali, nilijua hivyo, lakini mikono yangu ilikuwa imeanza kusahau.

Ba Kalaba alikuwa mdogo wa marehemu Shi Mutale. Alikuwa katibu wa mtaa wetu, ndiye aliyeshika daftari la wakazi, mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, shati lake daima limepigwa pasi. Jumapili baada ya kanisa alikuja kumsalimu shemeji yake, akala, akatoka uani na kuizunguka pikipiki mikono ikiwa nyuma. Hakuwahi kunisemesha. Aliniita "yule" hata nikiwa mbele yake.

Kuna siku nilipata malaria. Nilikuwa nimelala chumbani adhuhuri, chitenge kimenifunika mpaka kichwani, nikasikia mlango wa mbele. Nadhani Ba Kalaba aliamini nimekwenda ufuoni. Walizungumza Kibemba, nami kufikia wakati huo nilikuwa nakielewa chote.

"Mulamu," alisema, yaani shemeji, "nimekuja na daftari."

"Nimeliona."

"Mwisho wa mwezi watu wa serikali wanakuja. Kila nyumba yenye mtu wa ng'ambo itatazamwa, na asiye na karatasi atapanda lori kwenda kambi ya wakimbizi, kule bara. Mimi siwezi kuandika kwamba hayupo, wakati mji mzima unamwona anapita na pikipiki."

"Andika basi kwamba yupo."

"Yupo kama nani?" Nikasikia kiti kinalia. "Ninaweza kuandika kwamba ni mtoto wa dada yako, yule marehemu wa Chienge. Hakuna atakayeuliza."

"Na wewe unataka nini?"

"Sisemi nataka. Nasema kitu cha kaka yangu kikikaa kwa damu yake, maneno yatapungua. Watu wananiuliza, Kalaba, pikipiki ya kaka yako inaendeshwa na nani? Nijibu nini?"

Nilikuwa nalitazama tangi jekundu, liko karibu na uso wangu, na homa ilikuwa inalifanya lipumue. Kisha nikasikia sauti ya Bana Mutale, ile ile ya sokoni.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Ya wino?"

"Ya wino."

"Kaa vizuri, andika sasa. Ukimaliza unisomee."

Aliandika, akasoma. "Alfonsina Mwewa. Mtoto wa dada. Amezaliwa Chienge." Alfonsina ni mimi, na Mwewa ndilo lilikuwa jina la ukoo wa dada yake.

"Uje Jumapili ya pili kutoka leo," akasema Bana Mutale. "Ambreyaji inataka kurekebishwa kwanza."

Siku mbili nililala nimegeukia ukuta. Homa ilinipa sababu. Nilikuwa na hasira ambayo haikujua pa kukaa: mara ilikuwa kwa Ba Kalaba, mara kwa Bana Mutale aliyetoa bila kuniuliza, na mara, hii ndiyo ninayoionea aibu, ilikuwa kwa sababu nilijiona nimebadilishwa na pikipiki na sikuwa na uhakika kwamba ningekubali mabadilishano hayo kama ningekuwa yeye. Siku ya tatu tulikuwa tunaparua samaki wakubwa, yeye kichwa mimi mkia, nikamwambia nimesikia yote na nitakwenda kambini mwenyewe, kabla ya lori.

Hakuacha kuparua. "Dakor," akasema. Neno hilo, yaani sawa, alilichukua kwangu. "We utaenda ku kambi. Mi nitabakia na piki. Sasa piki itanipikia bukari?"

"Mayo, ile ni ya bwana yako."

"Piki itaniuliza kama nimelala muzuri?"

Nikasema haikuwa haki. Akaniangalia kidogo, magamba yamemganda mashavuni. "Haki ni kintu gani? Yule akiandika, ameandika na wino. Shika samaki."

Nilikuwa na siku kumi. Pikipiki haikuwahi kutunzwa kama ilivyotunzwa siku hizo, na wakati huo huo nilikuwa nikipanga kuiua. Chini ya injini kuna bolti ya kumwagia oili. Niliilegeza nusu mzunguko. Ningemwachia hivyo, mtikiso wa barabara ungeifungua yenyewe, oili ingetoka tone kwa tone, na mahali fulani kabla ya Mwansabombwe injini ingeganda na hakuna ambaye angejua. Bolti ilikaa hivyo siku moja na nusu. Kisha nilikuta tone sakafuni, jeusi, dogo kuliko sarafu, nikalala chini kwa tumbo nikaikaza. Ningependa kusema nilimhurumia Ba Kalaba. Sikumhurumia hata kidogo. Niliihurumia pistoni ambayo nilikuwa nimeingoja siku tano.

Lakini nilipokuwa nimelala pale nikakumbuka jambo jingine. Gia ilikuwa kulia. Mtu aliyezoea pikipiki nyingine, akitaka kusimama ghafla, angekanyaga kwa mguu wa kulia, na badala ya breki angekuta gia. Hapo hata kama ningeiacha mashine bila dosari, ningekuwa nimemtuma barabarani akafe. Nikaenda kwake asubuhi ile ile. Alikuwa ofisini kwake, chumba chenye meza moja na lile daftari. Nilimwambia kwa Kibemba changu kibovu kwamba hawezi kuichukua kabla sijamfundisha. Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. Akasema atakuja.

Alikuja siku nne mfululizo, alasiri, na viatu vya ofisini. Tulifanyia ufuoni, kwenye mchanga mgumu karibu na vichanja vya kukaushia samaki. Siku ya kwanza alianguka mara mbili, ya pili akaingia kichanjani na samaki wa watu wakamwagika. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nilingoja akasirike. Alijipangusa, akawaokota samaki mmoja mmoja pamoja nao, kisha akarudi akasema, "Tena." Tulipopumzika aliniambia, bila kuniangalia, "Kaka yangu alinipakia nyuma kila mahali. Nilikuwa namfungulia mageti. Hakuniacha niuguse usukani hata mara moja." Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, na alilisema kama limetokea juzi. Nikamwonyesha jinsi ya kulegeza ambreyaji taratibu, kwa vidole viwili, na siku hiyo akafika mpaka kwenye mawe na kurudi bila kuanguka.

Jumapili alikuja kuichukua. Bana Mutale alikunja chitenge cha maua ya kijani, akakiweka begani. Ba Kalaba aliuliza kuhusu kopo la spana, lilipo.

"Spana hatukuzisemea," akasema Bana Mutale.

"Mulamu, pikipiki bila spana?"

"Ulisema pikipiki. Mimi nilisikia pikipiki." Akamfungulia geti.

Alipoondoka nilirudi chumbani. Kilikuwa kikubwa mno. Kwenye saruji palibaki alama mbili za matairi na duara la mafuta, na kuku alikuwa anazungukazunguka akitafuta pa kulalia. Tulisugua sakafu kwa majivu, mimi na Bana Mutale, tumepiga magoti. Mwisho wa mwezi watu wa serikali walikuja, wakasoma daftari, wakapita. Walioandikwa vingine walipanda lori, wengine wao niliwajua. Hilo nalo linabaki, na sijui pa kuliweka. Karatasi zangu za kweli, kwa jina langu na mahali nilipozaliwa, nilizipata miaka mingi baadaye kwa njia iliyonyooka, na shahidi aliyesimama nami mbele ya meza ile alikuwa Ba Kalaba, mzee tayari, na shati lake limepigwa pasi. Katikati hapo alikuwa amekuja kwetu karibu kila Jumamosi. Kwa kuwa yeye alikuja, na wengine wakamwona anakuja, wakaanza kuleta pikipiki zao, na banda nililonalo leo kando ya barabara lilianza hivyo, uani kwa Bana Mutale, kwa kopo moja la spana. Bana Mutale alifariki akiwa amezeeka vizuri. Pikipiki ilidumu mpaka fremu ilipopasuka mahali pasipochomeleka, na Ba Kalaba akaiegemeza nyumbani kwake, ambako wiki iliyopita watoto walikuwa wanaichezea wakati sisi tunalia.

Ningemweleza binti wa miwani haya yote, lakini zaidi ningemweleza Jumamosi ya kwanza. Ilikuwa wiki tano baada ya kuchukuliwa. Tulikuwa uani tunachambua chisense, tukamwona Ba Kalaba anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara, anaisukuma. Aliisukuma kutoka mbali. Vumbi lilimfika nyusi, na shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Akasimama nje ya geti, haingii. Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimekusudia tangu mwanzo kwamba siku hiyo ikifika nitamwacha asimame.

"Mupatie maji," akasema Bana Mutale kwangu, kwa Kiswahili, ili yeye asielewe vizuri. "Halafu muangalie ile kintu iko na nini."

Nikampa maji. Akanywa, akanawa uso. Nikaleta kopo, nikamkabidhi spana namba kumi, nikamwambia afungue kabureta mwenyewe. Alisema hajui. Nikamwambia ndiyo maana. Tukakaa chini kwenye mkeka, yeye na viatu vyake vya ofisini, mimi nikinyoosha kidole tu, na ikatuchukua mchana kutwa, maana vidole vyake vilikuwa vinene na aliangusha skrubu moja mchangani tukaitafuta wote watatu. Uchafu ulikuwa mdogo kama mbegu ya mchicha. Aliutazama kwenye kiganja chake, akatikisa kichwa. Alipopiga kiki ikawaka, hakusema asante. Aliniita jina langu la nyumbani, Fonsine, akaniuliza kama Jumamosi ijayo nitakuwepo.

Tulisimama getini tukimtazama akipanda kuelekea barabarani. Bana Mutale hakuwahi kupanda pikipiki ile tangu mumewe afe, na ninavyojua hata mumewe alipokuwa hai yeye aliogopa kuipanda. Alibaki amesimama, mkono kiunoni, kichwa ameinamisha upande mmoja, mpaka sauti ikapita soko na kuanza kupotea.

"Gia ya tatu anaichelewesha," akasema, akarudi kwenye samaki wake.